Zamu ya Maji

Mke wangu ndiye aliyesikia kwanza.
Saa nane usiku, Pasua imelala,
akanigusa bega: Baba Ndeshi, unatafuna nini?
Sikuwa natafuna kitu.
Nilikuwa nasaga ulezi usiokuwepo,
meno juu ya meno,
mpaka gego likapasuka kama kikombe cha udongo.

Daktari wa meno hakuuliza kuhusu sukari.
Aliuliza: Nani anakudai?
Nikacheka, mdomo umejaa pamba.
Shemeji yangu Oforo alikopa,
mimi nilitia sahihi tu, hata kalamu ilikuwa yao.
Oforo akavuka Holili, simu haipatikani,
mkopo ukabaki kwangu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Tangu hapo mwili wangu ni ofisi.
Tumbo linafungua mapema, kabla ya chai.
Shingo inalinda usiku.
Na moyo, karani yule mzee,
anagonga muhuri kila karatasi, hata tupu.
Mia na sabini juu ya mia na tano.
Nikamwambia nesi mashine yako mbovu.
Akajipima mwenyewe mbele yangu.
Nzima.

Punguza mawazo, akasema.
Chumvi nimepunguza.
Mawazo mtu anayapunguzia wapi?
Nilijaribu bia: usingizi ulikuja umelewa,
ukaondoka saa tisa bila kulipa.
Nilijaribu kunyamaza,
nikaishia kumfokea Ndeshi kwa ajili ya kijiko.
Kijiko.
Bado nakiona chini ya meza,
na mtoto anaogopa kuinama kukiokota.

Jumamosi ile nikapanda Uru,
zamu yetu ya maji imefika, na migomba ina kiu.
Karatasi ya zamu ameishika Elinsia, binti wa jirani,
kidato cha pili, saa ya mkononi pana kuliko mkono.
Saa moja tu, baba. Ikiisha nafunga.
Akachomoa gome la mgomba kwenye mfongo,
maji yakaingia shambani yakijikwaa kwa mawe.
Nikaomba dakika kumi za nyongeza.
Akanitazama kama mtu aliyeomba mlima usogee.
Akafunga. Gome, matope, kisigino.
Maji yakaenda kwa wengine.
Migomba yangu haikufa.

Nilishuka kwa miguu mpaka Rau,
nikihesabu kitu kingine mbali na shilingi:
hatua, ng'ombe, wanawake wenye vichane vya ndizi.

Jumapili, saa kumi na moja jioni,
nikamwambia Aikande tarakimu yenyewe, siyo ile ya uongo.
Milioni nne na laki mbili.
Alinyamaza muda wa chai kupoa.
Kisha akasema: Lete daftari.

Sasa deni lina zamu yake.
Kumi na moja hadi kumi na mbili, mezani, watu wawili na penseli.
Tulikwenda kwa wakopeshaji, tukaomba kulipa kidogo kidogo;
walituweka benchi asubuhi nzima, wakakubali.
Ikigonga kumi na mbili nafunga,
gome, matope, kisigino.
Likinijia usiku nalijibu: zamu yako kesho.
Siku nyingine linavuja.
Hapo natoa pumzi polepole, alivyonifundisha nesi,
kama anayepoza uji wa mtoto,
na najiona mjinga, na napoza tu.

Wiki jana, mia na arobaini na nane.
Nesi hakupiga makofi. Akaandika, akaita mwingine.
Oforo bado hapatikani.
Gego linauma Kibo inapofunguka na baridi kushuka.
Kijiko nimekiombea msamaha;
Ndeshi alisema, kipi?

Jana saa nane usiku
Aikande akanigusa bega tena.
Nini? Nasaga?
Hapana, akasema,
hukuwa na sauti yoyote.
Niliogopa.